Wati 100 Sebuleni

Amplifaya ya gita iliingia nyumbani kwangu Basotu siku ya Jumamosi, imefungwa kamba juu ya guta, na kesho yake jioni jirani yangu alikuwa mlangoni. Ni bibi wa Kibarabaig, rika la mama yangu mzazi. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamsogezea kigoda. Akauliza habari za watoto, akauliza habari za mahindi, akailaumu mvua kidogo. Huku kwetu neno zito halitangulii salamu. Alipoyamaliza yote hayo ndipo akaligeukia lile sanduku jeusi lililosimama ukutani.

"Mwanangu, hili linakula nini?"

"Linakula umeme, mama."

"Basi lipunguzie chakula. Jana na leo ng'ombe wangu wawili wamebana maziwa."

Sikuwa na la kujibu. Ng'ombe akishtuka hukaza. Hofu ikimwingia, homoni inayoshusha maziwa haifanyi kazi yake. Daktari yeyote wa mifugo atakueleza hivyo, na bibi hakuhitaji daktari. Kilichonitatiza ni kwamba zizi lake liko mbali, ng'ambo ya korongo, na mimi sauti nilikuwa nimeiweka kwenye namba 2, kati ya namba 10.

Baadaye nilielewa. Uwanda huu uko wazi, hauna cha kuzuia. Mchana ardhi ikiwa na joto, sauti hupinda kwenda juu na kupotelea angani. Jioni ardhi ikipoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti hupindwa irudi chini, ikatambaa juu ya ngano kama maji ya mfereji. Ndiyo maana usiku uliotulia unawasikia viboko wa Ziwa Basotu wakikoroma utadhani wako uani kwako. Saa ambayo sauti inasafiri mbali kuliko zote ndiyo hiyohiyo saa ya kukamua.

Na kuna jambo ambalo bibi hakulisema. Wazee wa Kibarabaig hapa wana kumbukumbu ndefu ya mashine zenye mngurumo. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Canada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Hanang, ekari zipatazo 100,000 kwa jumla, Basotu likiwamo. Yalikuwa malisho yao. Makaburi ya wazee wao yalipitiwa na plau. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, wakaja kushindwa Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo mtu wa hapa akikuomba upunguze mngurumo, usidhani ni habari ya maziwa peke yake.

Nikapunguza. Nikaiteremsha nobu hadi namba 1, kisha chini ya 1, mpaka ikafika mahali ukiigusa kwa ncha ya kidole sauti ama inaruka ama inazimika. Ng'ombe wakapona, gita likafa. Kilichobaki kilikuwa kisauti chembamba, nzi ndani ya chupa. Hapo ndipo ilipoanza kazi ninayotaka kuisifu leo: kulifuga dude la ukumbini ndani ya nyumba ya watu.

Dude lenyewe ni la valvu, zile chupa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu. Nililinunua Babati kwa bei ya mtamba. Muuzaji alisema lilikuwa la bendi. Bendi gani, hakumbuki. Kibandiko cha kiwanda kimeng'oka zamani. Ukiliwasha linakaa kimya karibu nusu dakika, kisha valvu nne za nyuma zinapata rangi ya makaa yanayoanza kufunikwa na majivu, na chumba kinanukia vumbi lililoungua. Mke wangu anasema ni harufu ya pasi ya mkaa. Mimi hiyo harufu naipenda kuliko ninavyoweza kueleza, na najua kabisa kwamba haina uhusiano wowote na muziki.

Amplifaya za ukubwa huu hazikutengenezwa kwa ajili ya sebule. Jim Marshall, muuza ngoma na magita wa London, alitoa amplifaya yake ya kwanza mwaka 1962, na haikupita miaka mingi wapigaji wa bendi ya The Who wakaanza kumdai ya wati 100, kwa sababu kumbi zilikuwa zinakua na vipaza sauti vya ukumbi wakati ule vilikuwa vya waimbaji tu. Gita lilitakiwa lijitetee lenyewe. Yaani nguvu ile ilitungwa kwa ajili ya watu elfu wanaopiga kelele, nami nimeileta mahali ambapo hadhira ni mke, watoto watatu na kuku.

Watu hudhani ukipunguza wati kutoka 100 hadi 10 umepunguza kelele mara kumi. Sivyo. Sikio lina hesabu zake: nguvu ikipungua mara kumi, sikio huona sauti imepungua nusu tu. Spika nzuri ya gita ikilishwa wati 1, hiyo moja tu, hutoa desibeli zipatazo 100 ukisimama mita moja mbele yake. Taasisi ya Marekani ya afya kazini inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda huo ukatwe nusu. Ukipiga hesabu hadi 100 unabakiwa na dakika 15. Kwa hiyo anayetafuta amplifaya ndogo ya wati 20 akidhani nyumbani itakuwa mpole, atashangaa. Vita yote ya nyumbani inapiganwa chini ya wati 1, mahali ambapo nobu ina upana wa unywele.

Sasa, kwa nini sauti inakufa ukiipunguza? Amplifaya ya valvu ina hatua mbili. Ya kwanza inapokea mlio dhaifu unaotoka kwenye sumaku za gita na kuukuza. Ya pili ndiyo yenye misuli, inasukuma spika. Hatua yoyote ikisukumwa hadi ukingoni, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na valvu haikati kwa shoka, inakata kwa kuchonga taratibu. Hapo mlio unanenepa, unashika, unapata ukwaruzo wa mbali kama sauti ya mwimbaji aliyeimba usiku kucha. Ukiwa chini ya namba 1, hatua ya pili inasinzia na spika haijatikisika hata kidogo. Unasikia umeme tu. Ndiyo maana amplifaya za miaka ya baadaye ziliwekewa nobu ya pili, mwanzo uupandishe na mwisho uushushe. Yangu haina. Kuna vifaa vya kuchomeka katikati ya amplifaya na spika ambavyo hunywa nguvu na kuigeuza joto. Nimewahi kuvisikia vikifanya kazi, vinasaidia, lakini vikizidishwa unarudi palepale kwenye chupa ya nzi.

Sikio nalo linakudanganya. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell huko Marekani walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza besi kwanza, na kidogo trebo. Toni uliyoipenda kwa sauti kubwa ukiishusha unaiona imekonda, hata kama mashine haijabadilika. Dawa ni kuongeza besi kidogo. Tatizo la dawa hiyo ni kwamba besi ndiyo inayopita ukutani. Trebo jirani haioni. Nikiisikia besi vizuri mimi, bibi naye anaisikia. Hapo hakuna fomula, kuna ujirani.

Nilichojifunza mapema, na kwa bure, ni mahali pa kuliweka. Spika ya inchi 12 hupeleka trebo mbele kama mwanga wa tochi; ukikaa pembeni hupati. Wapigaji wengi wanasimama spika ikiwa usawa wa magoti, wanalalamika trebo haitoshi, wanaiongeza, kumbe inawachoma waliokaa mbele. Nikaliinua juu ya kreti mbili za soda, nikaliegemeza kidogo kwa nyuma, nikakaa mbele yake usawa wa sikio, hatua mbili. Nikajikuta napunguza trebo nusu nzima, na sauti yote ikateremka bila mimi kuona nimepoteza kitu. Kisha nikaliondoa kwenye kona. Kona hukuza besi, sakafu hukuza besi, na mimi nilikuwa nimeviweka vyote viwili chini ya wati 100.

Lakini chumba! Hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, bati juu, bila silingi bodi. Kila mwenye nyumba ya bati anajua mvua inavyomnyamazisha mgeni katikati ya sentensi. Bati hilohilo gita likilia linalirudisha chini likiwa limechakaa. Chumba chenyewe ni mita 3 kwa mita 3, na chumba chenye pande sawa kina noti zake chenyewe: cha mita 3 kinazizima karibu na hertz 57, kisha mara mbili yake, 114. Uzi wa tano wa gita ukiuacha wazi unalia hertz 110. Basi kila nilipougusa uzi wa tano, nyumba nzima ilinijibu. Sufuria zilijibu. Picha ya harusi ilijibu. Nyuzi nyingine zikawa kama wageni kwenye msiba wa uzi wa tano.

Siku moja nilikwenda upande wa Mbulu kumsalimia rafiki, nikalala kwenye tembe la baba yake. Tembe la Kiiraqw ni nyumba ya miti na udongo, fupi, paa lake bapa limejazwa udongo. Zamani waliyajenga yakiwa yamezama kwenye mteremko, adui akipita juu asijue kuna watu. Mle ndani nilipiga gita kavu la rafiki yangu, lile lisilo na umeme, na kwa mara ya kwanza nikasikia uzi wa tano ukiwa mmoja kati ya sita. Udongo haurudishi kitu. Kila noti ilitoka, ikasema neno lake, ikakaa chini. Niliongea, sauti yangu mwenyewe nikaiona ngeni, karibu mno, kama mtu ananinong'oneza. Studio za mijini hutumia fedha nyingi kwa pamba na mbao kutafuta ukimya wa namna hiyo, na mafundi wa Kiiraqw waliujenga wakiwa wanakwepa wezi wa mifugo.

Siwezi kubomoa nyumba. Lakini ilikuwa Agosti, ngano imevunwa. Nilikuwa na magunia yangu machache na mengine nimewatunzia ndugu. Nikayapanga kwenye ukuta wa nyuma ya kiti changu hadi usawa wa kichwa, nikatundika blanketi mbili nzito mbele ya dirisha, na kwenye pembe mbili nikasimamisha magunia ya alizeti. Nikawasha. Uzi wa tano ukalia, sufuria zikanyamaza. Bati bado lilikuwa linateta juu, ila kwa sauti ya chini. Nikaweza kupandisha nobu kidogo, valvu zikaamka, na nje (nilimtuma mtoto akasikilize korongoni) ikawa ndogo kuliko awali.

Tangu hapo toni yangu ina msimu. Kuanzia Agosti hadi Krismasi napiga vizuri. Magunia yakianza kwenda sokoni, Januari moja, Februari mawili, uzi wa tano unaanza kurudi taratibu kama mdeni aliyesahauliwa. Kufika Machi, wakati wa kupanda, chumba kiko tupu na mimi napiga gita kavu. Nimewahi kumweleza mfanyabiashara wa nafaka kwamba sitaki kuuza gunia fulani kwa sababu ya uzi wa tano. Alidhani natafuta bei.

Mtu atauliza: ukwaruzo huo wote wa nini? Si sauti safi ndiyo bora? Nadhani swali hilo linatoka kwa mtu aliyeanza na redio. Atembelee kwa Wagogo, Dodoma, si mbali na sisi, aishike mkononi ilimba, ile ala ya vichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye ubao wake kuna tundu lililozibwa kwa utando mwembamba wa buibui, na vichuma vidogo vya kutetema. Kazi yake ni moja tu: noti isitoke uchi. Itoke na mvumo, na vumbi lake. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliizungusha sauti hiyo duniani na hakuna aliyemwambia asafishe ilimba yake. Kinshasa nako, bendi ya Konono No. 1 ya mzee Mawangu Mingiedi iliungia likembe, ndugu wa ilimba, vipaza sauti vya kujitengenezea kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, ili isikike juu ya kelele za jiji, ikakwaruza, wakaupenda ukwaruzo huo kiasi cha kuufanya ndio mtindo. Albamu yao ya mwaka 2004 iliwafikisha Ulaya. Utando wa buibui na valvu iliyosukumwa ni ndugu. Tofauti ni kwamba utando hauhitaji umeme na hauzuii maziwa.

Hata hivyo gita la dansi letu, lile nililolelewa nalo redioni, halikwaruzi sana. Linang'ara. Sikiliza solo la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali huko Kenya mwaka 1979 akiwa hajafika miaka 35: noti ziko wazi, zimepangana, na bado zina nyama. Nilihangaika muda mrefu kutaka kujua nobu zao zilikaaje. Swali lilikuwa baya. Wale watu, wengi wao, hawakuwa na amplifaya nyumbani.

NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Ikaendelea hivyo: vyombo vya jeshi, vya polisi, vya vijana, vya shirika. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Dansi likiisha, vinafungiwa stoo, ufunguo unabaki kwa mwingine. Mpigaji akikosana na mwenye vyombo anaondoka na vidole vyake. Mwaka 1978 Abel Balthazar na wenzake walipohama Dar International kwenda kuanzisha Mlimani Park, wakiwa na mwalimu Michael Enoch, walichohama nacho hakikuwa sanduku lolote. Na Radio Tanzania ilizirekodi bendi hizo zikipiga kwa pamoja, chumba kimoja, hakuna wa kukurekebishia baadaye. Aliyezidisha sauti alimmeza mwenzake wa ridhimu, na kosa likabaki kwenye utepe.

Kwa hiyo toni ilibidi ikae mahali ambapo hakuna anayeweza kuifungia. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Katanga, mwaka 1952, alikuwa na gita kavu, kidole gumba na kidole cha shahada, na kwa hivyo vitatu alisikika kama watu wawili. Hakukuwa na nobu ya kuzungusha.

Nilianza upya, amplifaya imezimwa. Ukiupiga uzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapoanzia, unalia kama chuma cha kengele ya mbuzi. Sogeza mkono nusu shubiri kuelekea shingoni, uzi uleule unakuwa na maziwa. Kati ya hapo kuna toni kumi, na zote ni bure. Kidole cha mkono wa kushoto kikiachia mapema noti inakufa kikavu, kikichelewa inamwagikia inayofuata. Gumba likipigwa kwa nyama linatoa besi ya mviringo. Likipigwa kwa kucha linatoa besi yenye kona. Nilikaa wiki nane na mambo hayo. Kisha nikawasha dude, namba ileile chini ya 1, ng'ombe wameshakamuliwa, na sauti iliyokuwa nzi kwenye chupa ikawa imepata mwili. Haikuwa kama ya ukumbini. Ila ilikuwa ya mtu.

Nikagundua na jambo dogo la nobu: iliyoko kwenye gita lenyewe. Wengi tunaifungua hadi mwisho na kuisahau, halafu tunahangaika na amplifaya. Fungua amplifaya kidogo zaidi ya unavyotaka, kisha rudisha ya gita hadi 6 au 7. Ukigusa kwa upole inang'ara, ukikaza mkono inakwaruza. Mkono ndio unakuwa nobu. Baada ya hapo mimi na amplifaya tulianza kuelewana.

Umeme nao una maneno yake. Mpigaji Eddie Van Halen wa Marekani alikuwa na kifaa cha kushusha umeme wa amplifaya yake, kutoka volti 120 za kwao hadi karibu 90, ili valvu zichoke mapema na sauti ilainike. Watu wameandika sana kuhusu siri hiyo. Huku kijijini kuna jioni ambazo kila nyumba imewasha kila kitu, na mita yangu inasoma 185 badala ya 230. Toni ya Van Halen inaletwa na nguzo, bila malipo. Inalainika kweli, naapa. Lakini nyuzi za moto ndani ya valvu nazo zinapata chakula pungufu, na valvu mpya huku hazipatikani dukani. Nikaishia kununua stabilaiza na kuiaga siri hiyo.

Kubwa zaidi ni ethi. Kiangazi kimoja nyuzi za gita zilianza kunitekenya vidole, na mvumo ukawa mzito kwenye spika. Fundi umeme alifika, akatazama fimbo ya ethi nyuma ya nyumba, udongo umekauka na kupasuka. Alisuka upya waya uliokuwa umelegea, akachimbia fimbo ya pili, akamwaga ndoo mbili za maji. Mtekenyo ukaisha. Hilo lilikuwa onyo, na sikulicheza. Dude la valvu lina mamia ya volti ndani yake, na vihifadhi-umeme vyake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Anayefungua bila kujua anaweza kufa huku waya umechomolewa mkononi mwake. Nina ujasiri wa kupanga magunia. Kifuniko cha nyuma namwachia fundi redio mzee wa Katesh, mtu anayeongea na valvu kwa sauti ya chini na kuzigonga kwa penseli kusikiliza ipi inalia kengele. Ameniwekea risasi mpya kwenye maungio matatu, akakataa kuniuzia valvu mbili alizonazo za akiba. Alisema atanipa zangu zikifa, si kabla.

Bibi alipita tena mwezi uliopita, safari hii kwa habari ya mahari ya mjukuu. Amplifaya ilikuwa inawaka, mimi napiga taratibu wimbo wa zamani wa dansi. Akakaa, akasikiliza labda dakika tano, mkono shavuni. Nikamuuliza: "Mama, maziwa vipi?"

"Maziwa yapo," akasema. "Ila huo uzi mnene bado unaongea sana."

Ilikuwa Machi, magunia yameisha. Alikuwa sahihi.

Nina ombi kwa wasomaji wenye stoo. Kwenye makanisa, kumbi za zamani za mashirika na nyumba za marehemu waliopiga bendi, kuna masanduku kama langu yaliyofunikwa turubai, panya wamelala kwenye spika. Msiyauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanayapima kwa kilo. Na msiyawashe kujaribu: amplifaya ya valvu ikiwashwa bila spika huweza kuungua, na iliyolala miaka 20 inahitaji kuamshwa polepole na anayejua. Wazee wanaojua wamebaki wachache, watafuteni kwanza. Mkilipata na mkashindwa pa kuliweka, leteni Basotu, tutatafuta nafasi kati ya magunia. Ila mje baada ya saa mbili usiku, kukamua kukiwa kumekwisha.